Uzi: Kabla hujachuja mawimbi ya moyo na ya usingizi, jua kwanza unatafuta ugonjwa gani

Wimbi_la_R (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Maswali ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo), ya saa za mkononi zinazosoma mapigo na ya vipimo vya usingizi yamekuwa mengi humu, na karibu kila jibu linaanza na neno lilelile: chuja. Chuja kelele, ondoa umeme wa ukutani, lainisha mstari. Naomba tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu kichujio kisichofaa kinaweza kufuta ugonjwa uliopo au kuchora ugonjwa ambao haupo kabisa. Anayesoma karatasi hana namna ya kujua kilichofutwa. Mimi nachakata ishara za mwili, si daktari, kwa hiyo kwenye matibabu nitawapisha wenye fani yao.

Tuanze na ukubwa wa kitu chenyewe. Umeme wa moyo ukishafika juu ya ngozi huwa umebaki kama milivolti 1 tu. Ule wa ubongo, ukishapenya fuvu, ni mikrovolti 10 hadi 100. Wakati huohuo mwili na nyaya za kipimo vinanasa umeme wa majumbani wa Hz 50 au 60 (mitetemo kwa sekunde), kutegemea nchi, na huo mara nyingi ni mkubwa kuliko tunachokitafuta. Ongeza misuli inayotetema, kifua kinachopanda na kushuka kwa pumzi, jasho chini ya elektrodi, na mgonjwa anayejigeuza kitandani. Kupata picha safi katika mazingira hayo kulichukua miaka mingi. Augustus Waller alirekodi umeme wa moyo wa binadamu mwaka 1887, lakini mchoro wake ulikuwa hafifu. Willem Einthoven wa Leiden ndiye aliyetengeneza galvanomita ya uzi, kipimo cha umeme hafifu, mwanzoni mwa miaka ya 1900, wagonjwa wake wakitumbukiza mikono na mguu kwenye maji ya chumvi badala ya elektrodi za kubandika. Herufi tunazotumia hadi leo kutaja sehemu za pigo moja ni zake: P ni kilima kidogo cha vyumba vya juu, Q, R na S (QRS) ni mruko mkali wa vyumba vya chini, T ni kilima cha vyumba hivyo vikirudi kutulia, na Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1924. Mwaka huohuo Hans Berger alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza, ingawa alikaa nayo hadi 1929 ndipo akayachapisha.

Sasa ugumu uko hapa. Laiti kelele ingekuwa na masafa yake (kasi ya kutetema) na ugonjwa na masafa yake, tungekata upande mmoja tukalala. Haiko hivyo. Mstari unaoyumba kwa pumzi uko chini ya Hz 0.5, na sehemu ya ST, yaani mstari kati ya QRS na T, ambayo daktari anaitazama kutafuta moyo uliokosa damu, imejengwa na masafa ya chini hukohuko. Kelele ya misuli inaanzia chini ya Hz 20 na kwenda juu hadi mamia, na ndani ya eneo hilo zimo kona kali za QRS na vijipembe vidogo vinavyoonyesha kovu kwenye msuli wa moyo. Kila unapokata, unakata vyote viwili.

Nitaendelea na usingizi baadaye. Kwanza niulizeni.

---

NesiZamuYaUsiku

Asante sana kwa uzi huu, umegusa kazi yangu. Nafanya zamu za usiku wodi ya wagonjwa wa moyo. Mara nyingi monita ya kitandani inaonyesha ST imeshuka, tunakimbilia ECG kamili ya lidi 12 (mitazamo 12 ya umeme wa moyo), karatasi inatoka ST ikiwa sawa tu. Mgonjwa ni yuleyule, dakika ni zilezile. Nikiuliza naambiwa "monita haziaminiki kwa ST", basi. Kwa nini lakini?

---

Wimbi_la_R

Dada Nesi, swali lako ndilo kiini cha uzi wote, naomba nilijibu polepole.

Monita ya kitandani kazi yake ya kwanza ni kuhesabu mapigo na kupiga kengele mdundo ukiharibika, wakati mgonjwa anapumua, anakohoa na kugeuka. Ili mstari usipande na kushuka skrini nzima, mara nyingi inawekewa kichujio kinachokata kila kilicho chini ya Hz 0.5. Mashine ya lidi 12 inayosomwa kwa uchunguzi inatakiwa kuruhusu hadi Hz 0.05, yaani chini zaidi mara kumi.

Kichujio rahisi cha aina hiyo hakipunguzi tu masafa ya chini. Kinayasogeza pia kwa wakati, kila masafa kwa kiasi chake. Ukikipitishia mruko mrefu wa kwenda juu kama R, mstari ukirudi haukomei palepale ulipoanzia. Unapitiliza chini kidogo, kisha unapanda taratibu kurudi sawa. Upitilizaji huo unaangukia mara tu baada ya QRS. Pale ndipo ST ilipo. Kwa hiyo mshuko uliouona unaweza kuwa umechorwa na kichujio chenyewe, na ukikuta lidi ambayo QRS yake inaelekea chini, utaona kinyume chake, ST imepanda.

Siku hizi kuna vichujio vya kidijitali visivyosogeza wakati, vinavyotunza umbo la wimbi. Mwongozo wa wataalamu wa moyo wa Marekani unaruhusu hivyo kufika hadi Hz 0.67 kwa sababu havipindi ST. Namba pekee kwenye skrini haitoshi, inabidi ujue na aina ya kichujio.

Sababu ya pili ni mahali pa elektrodi. Za monita hubandikwa kiwiliwilini badala ya mikononi na miguuni, na umbo la wimbi hubadilika kwa hilo peke yake.

Ulichokuwa ukifanya ndicho sahihi: monita ikishtuka, pima ECG kamili. Mgonjwa akiwa na maumivu ya kifua, dharura inabaki dharura hata kama unakishuku kichujio.

Jambo jingine, tazama pembezoni mwa karatasi ya ECG. Pameandikwa kasi, kwa kawaida mm 25 kwa sekunde, kipimo cha mm 10 kwa milivolti, na mipaka ya kichujio. Ukikuta juu imekatwa Hz 40 badala ya 150 kwa mtu mzima, jua kimo cha R kimepunguzwa na pembe ndogo ndani ya QRS zimelainishwa. Wengi huwasha Hz 40 kwa sababu karatasi inatoka nzuri machoni. Inaniuma kila ninapoiona.

---

NesiZamuYaUsiku

Nimeelewa kabisa. Na ile mistari ya mtetemo inayojaa karatasi nzima? Kuna kitufe cha kuiondoa.

---

Wimbi_la_R

Hicho kinakata Hz 50 au 60 peke yake. Ni kizuri kikitumika mwisho, baada ya kujaribu mengine. Kikiwa chembamba sana kinatikisika kila kinapogongwa na QRS, na mtikisiko huo unabaki nyuma ya QRS kama vijiwimbi vidogo ambavyo mtu anaweza kudhani ni vya moyo. Anzia kwenye ngozi: safisha, kausha, nyoa ikibidi, badilisha elektrodi iliyokauka, weka nyaya pamoja na mbali na waya wa umeme. Mashine yenyewe ina ulinzi wake. Elektrodi ya mguu wa kulia inarudisha mwilini kelele iliyogeuzwa ili zifutane, na inafanya kazi vizuri zaidi pale elektrodi zote zinaposhika ngozi sawasawa.

---

FundiKodi

Mkuu salamu. Nimeunganisha kipimo kidogo cha ECG na kompyuta, nahesabu mapigo kwa kuweka kizingiti: chochote kinachozidi asilimia 60 ya kimo cha juu kabisa nakihesabu kama R. Kwa baadhi ya watu kinafanya kazi, kwa wengine kinaniambia mapigo 140 wakati mkononi nahesabu 70. Nafanyaje?

---

Wimbi_la_R

140 kwa 70 inaniambia unahesabu T pia. Kuna watu T yao ni ndefu karibu kama R. Kizingiti cha kimo peke yake hakiwezi kuzitofautisha, ila kasi ya kupanda inaweza, kwa sababu R inapanda ghafla na T inapanda kwa upole.

Soma njia ya Jiapu Pan na Willis Tompkins ya mwaka 1985. Ni ya zamani na bado inafundishwa kila mahali kwa haki yake. Kwanza inaruhusu masafa ya Hz 5 hadi 15 tu, ambako QRS ina nguvu kuliko P, T na kelele. Kisha inapima kasi ya mabadiliko, inazidisha kila thamani kwa yenyewe ili kilicho kikubwa kiwe kikubwa zaidi na kila kitu kiwe chanya, halafu inajumlisha ndani ya dirisha linalotembea la milisekunde 150. Kinachotoka ni kilima kimoja kwa kila QRS.

Utamu wake uko baada ya hapo. Vizingiti havikai mahali pamoja. Vinapanda na kushuka kufuata ukubwa wa mapigo yaliyopita na wa kelele iliyopita. Baada ya kukuta QRS, haikubali nyingine ndani ya milisekunde 200, maana moyo hauwezi. Ikikuta kilima kabla ya milisekunde 360 inalinganisha mwinuko wake na wa QRS iliyotangulia. Kama haufikii nusu, inaiita T na kuendelea. Na ikipita muda wa asilimia 166 ya nafasi ya wastani bila pigo, inarudi nyuma kulitafuta kwa kizingiti cha chini zaidi. Kwenye hifadhidata ya MIT-BIH, yenye rekodi za ECG, ilitambua asilimia 99.3 ya QRS.

---

Hisabati_Hai

Naongeza mambo mawili ambayo yanawatesa wengi. FundiKodi, algoriti ile iliandikwa kwa sampuli (vipimo) 200 kwa sekunde. Rekodi za MIT-BIH zina 360. Ukinakili namba za vichujio kama zilivyo, mipaka yako ya Hz 5 hadi 15 inahama yote kuwa 9 hadi 27, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuambia. Badilisha idadi ya sampuli au kokotoa vichujio upya.

La pili, ishara iliyopitia hatua zile ni ya kujua pigo liko wapi, siyo ya kupima umbo lake. Ukitaka upana wa QRS, umbali wa QT (mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T) au ST, rudi kwenye ishara ya awali kwa kutumia nyakati ulizozipata, na kumbuka kuondoa ucheleweshaji wa vichujio. Nimeona michoro ya QT iliyopimwa kwenye ishara ya Hz 5 hadi 15. T ilishaliwa karibu yote.

---

Wimbi_la_R

Hisabati_Hai, umesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi.

Sasa usingizi.

Mtu akienda kupimwa usingizi kwa ukamilifu anawekewa elektrodi za kichwani, za pembeni mwa macho, za kidevuni, za kifua na za miguuni, mikanda miwili ya kifua na tumbo, kihisio cha hewa puani, na oksimita (kipima oksijeni ya damu) kidoleni. Usiku mzima unagawanywa vipande vya sekunde 30, na kila kipande kinapewa jina: kuwa macho, N1, N2, N3 (usingizi unaozidi kuwa mzito) au usingizi wa ndoto ambao macho hukimbia chini ya kope, ule uliotangazwa na Aserinsky na Kleitman mwaka 1953. Sekunde 30 zilitokana na karatasi: kwa kasi ya mm 10 kwa sekunde, ukurasa wa sentimita 30 unajaa kwa sekunde 30. Kanuni za Rechtschaffen na Kales za mwaka 1968 zikalishika hilo, na kanuni za AASM, chama cha Marekani cha tiba ya usingizi, za mwaka 2007 zikalirithi.

N3, usingizi mzito, inatambuliwa kwa mawimbi ya polepole ya Hz 0.5 hadi 2 yenye kimo kinachozidi mikrovolti 75 kutoka kilele hadi bonde, yakijaa angalau asilimia 20 ya kipande. Angalieni: kigezo ni cha kimo. Kanuni zinataka EEG (mchoro wa umeme wa ubongo) ichujwe Hz 0.3 hadi 35. Mtu akichoshwa na mstari unaoyumba kwa jasho akapandisha mpaka wa chini kuwa Hz 1, mawimbi yaliyokuwa na mikrovolti 85 yanashuka chini ya 75, na ripoti inasema mgonjwa hana usingizi mzito. Mgonjwa alikuwa nao. Umefutwa na mtu aliyetaka picha safi.

N2 nayo inajulikana kwa vifundo vya Hz 11 hadi 16 vinavyodumu nusu sekunde au zaidi, na kwa wimbi kubwa liitwalo K. Kwenye mabadiliko ya Fourier (hesabu inayoonyesha masafa yaliyomo) ya kipande kizima cha sekunde 30, kifundo cha nusu sekunde kinazama kwenye wastani. Ndiyo maana watu wanatumia madirisha mafupi yanayotembea, au wevuleti (vijiwimbi vya kulinganishia) zinazobana muda kadiri masafa yanavyopanda. Dirisha fupi linakupa wakati na kukunyima usahihi wa masafa, refu linafanya kinyume, na hakuna hila ya kulikwepa hilo.

Kukatika kwa pumzi kuna vigezo vyake. Hewa ikipungua kwa asilimia 90 au zaidi kwa sekunde 10 au zaidi, hiyo ni apnea. Ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, ikaambatana na kushuka kwa oksijeni au kuzinduka, ni hipopnea. Yanajumlishwa na kugawanywa kwa saa za kulala: chini ya 5 kwa saa ni kawaida kwa mtu mzima, 5 hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 ni wastani, 30 na zaidi ni kali. Mikanda ya kifua na tumbo inasema aina: vikihangaika na hewa haipiti, njia imeziba, vikitulia vyote, ubongo haukutuma amri. Matibabu ya hayo mawili hayafanani, kwa hiyo mkanda uliolegea unaweza kumpeleka mgonjwa njia nyingine kabisa.

---

Msomaji_Kimya

Habari zenu. Mimi si wa fani, nimefuatilia tu. Mume wangu anakoroma sana, halafu ananyamaza kabisa, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Mchana anasinzia hata akiongea na watu. Oksimita ya kidole asubuhi inasoma 96. Tunaweza kutulia?

---

NesiZamuYaUsiku

Dada yangu, hapana, msitulie. Kipimo cha asubuhi akiwa macho hakisemi lolote kuhusu usiku; mtu mwenye kukatika pumzi kukali akiamka anapumua vizuri na oksijeni inarudi. Hizo dalili tatu ulizozitaja, kukoroma, kunyamaza kisha kushtuka, na kusinzia mchana, zinatosha kumpeleka kwa daktari akapimwe usiku. Mueleze daktari kama ulivyotueleza, kwa sababu yeye mwenyewe hajioni akilala, wewe ndiye shahidi. Apimwe na shinikizo la damu. Na kwa sasa asiendeshe gari akiwa na usingizi, tafadhali.

---

Wimbi_la_R

Naunga mkono kila neno. Nitaongeza upande wa kifaa, dada, kwa sababu huenda mkashawishika kumvisha oksimita hiyo usiku.

Oksimita inapiga mwanga mwekundu wa nanomita kama 660 na wa infraredi wa kama 940, na kulinganisha jinsi damu inavyozinyonya kila inapodunda. Wazo la kutumia mdundo wenyewe ni la Takuo Aoyagi wa Japani, miaka ya 1970 mwanzoni. Namba unayoiona ni wastani wa mapigo kadhaa. Kifaa kikikokotoa wastani wa muda mrefu, mshuko wa sekunde 20 unapunguzwa makali, 84 inaonekana 90. Maabara za usingizi hutakiwa kutumia wastani usiozidi sekunde 3. Vifaa vingi vya kawaida havisemi vinatumia muda gani.

Halafu kuna jambo linalotuhusu wengi wetu. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa Sjoding na wenzake huko Marekani: pale oksimita ilipoonyesha 92 hadi 96, damu iliyotolewa kwenye ateri ilionyesha oksijeni iko chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa wagonjwa weupe. Rangi ya ngozi inaathiri mwanga, na marekebisho yaliyomo ndani ya kifaa hayakulitosheleza hilo. Kwa hiyo 92 kwenye ngozi nyeusi isichukuliwe kwa wepesi. Na namba nzuri isimzuie mtu mwenye dalili kwenda hospitali.

---

Msomaji_Kimya

Asanteni sana, Mungu awabariki. Tutakwenda wiki hii.

---

Mdadisi

Swali langu: je, ECG peke yake inaweza kutambua kukatika pumzi? Nimesikia inawezekana, nikashangaa. Moyo na pumzi ni vitu viwili.

---

Wimbi_la_R

Inawezekana kwa kiasi kikubwa, na hapa ndipo moyo na usingizi vinapokutana, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Pumzi ikikatika, moyo hupunguza mwendo. Mtu akizinduka na kuvuta hewa, moyo unaruka kasi. Kisha analala tena, pumzi inakatika tena. Mzunguko huu hujirudia kila sekunde 20 hadi 60 kwa saa nzima. Christian Guilleminault na wenzake waliueleza mwaka 1984. Ukichora nafasi kati ya R moja na nyingine kwa usiku mzima, unaona mawimbi makubwa ya taratibu hata bila kompyuta. Pia kimo cha R kinabadilika kila kifua kinapojaa, kwa hiyo unaweza kukisia pumzi kutoka ECG yenyewe. Mwaka 2000 PhysioNet, hifadhi ya mtandaoni ya ishara za mwili, na mkutano wa Computers in Cardiology waliweka shindano, rekodi 70 za usiku, na njia bora zilipatia zaidi ya dakika 90 katika kila 100.

Sasa fanya hesabu. Mzunguko wa sekunde 20 hadi 60 ni Hz 0.017 hadi 0.05. Kwenye vipimo vya mabadiliko ya mapigo, kanuni za mwaka 1996 ziliita Hz 0.04 hadi 0.15 masafa ya chini na 0.15 hadi 0.40 masafa ya juu, na kilicho chini ya hapo watu wengi wanakiondoa kama "mwelekeo usiohitajika" kabla ya kuanza kazi. Ukifuata mazoea hayo kwa mtu mwenye apnea umetupa dalili yenyewe kwenye hatua ya kwanza ya usafi. Baadaye unalalamika algoriti haioni kitu.

Mipaka ipo. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo, mwenye mdundo uliovurugika wa vyumba vya juu, mwenye neva zilizoharibiwa na kisukari au anayetumia dawa za kutuliza mapigo, mawimbi hayo yanaweza kufifia au kutokuwepo. Kutoyaona kwa watu hao hakumaanishi pumzi ni nzima.

---

Neva_Bandia

Naheshimu mliyoandika, lakini naona mnahangaika na zama zilizopita. Mtandao wa neva, programu inayojifunza kutoka mifano, unapewa ishara ghafi, unajifunza wenyewe vichujio vyake. Mimi nimefunza mmoja kwenye MIT-BIH, usahihi ni asilimia 99. Sikugusa kichujio hata kimoja.

---

Wimbi_la_R

Karibu ndugu, hoja yako inastahili jibu kamili.

Uko sahihi kwamba mitandao imefika mbali. Hannun na wenzake mwaka 2019 walitumia mtandao wa tabaka 34 kwenye rekodi 91,232 za wagonjwa 53,549, kutambua aina 12 za midundo, na kwa F1, kipimo cha usahihi ambacho juu kabisa ni 1, ulipata 0.837 dhidi ya 0.780 ya wastani wa madaktari wa moyo. Siwezi kuipinga kazi hiyo na sitaki.

Ila ishara unayoiita ghafi si ghafi. Imeshachujwa na saketi ndani ya kifaa kabla ya kugeuzwa namba. Rekodi za MIT-BIH zilichujwa Hz 0.1 hadi 100 kabla ya kuwekwa kwenye kompyuta. Mtandao wako umezoea hilo. Uupe ishara kutoka kifaa chenye mpaka wa Hz 0.5 na umbo limebadilika mbele yake.

La pili linanisumbua zaidi. Umegawanyaje data za kufunzia na za kupimia?

---

Neva_Bandia

Kwa kubahatisha. Mapigo yote nimeyachanganya, asilimia 80 kufunzia na 20 kupimia.

---

Hisabati_Hai

Hapo ndipo 99 inapotoka. Rekodi 48, watu 47, mapigo kama 110,000. Ukiyachanganya, kila mtu yuko pande zote mbili. Mtandao unatambua sura ya moyo wa mtu fulani badala ya kujifunza ugonjwa. Na hata bila hilo, ukifuata makundi yanayotumika kwa kawaida, mapigo kama 9 kati ya 10 ni ya kundi la kawaida. Programu inayosema "kawaida" kila mara inapata karibu asilimia 90 bila kumtambua mgonjwa hata mmoja.

---

Wimbi_la_R

Philip de Chazal na wenzake mwaka 2004 waliondoa rekodi 4 za wenye vifaa vya kuendesha mapigo, wakagawa 44 zilizobaki 22 kwa 22, rekodi nzimanzima. Jaribu mgawanyo huo, kisha toa matokeo ya kila aina ya pigo peke yake: mangapi umeyakamata, na kati ya uliyoyaita hivyo mangapi ni kweli. Mapigo ya mapema ya vyumba vya juu ndiyo yatakayokutoa jasho, kwa sababu QRS yake inafanana na ya kawaida na tofauti iko kwenye muda na kwenye P, ambayo ni ndogo.

Hata kwa usingizi, usitarajie 99. Wataalamu wa binadamu wakisoma vipande vilevile kwa kanuni za AASM, uchunguzi wa Rosenberg na Van Hout wa mwaka 2013 ulikuta wanakubaliana asilimia 82.6, na kwa N1 ni 63 tu. Programu inayokubaliana na msomaji mmoja kwa asilimia 99 imejifunza mazoea ya msomaji huyo.

---

Neva_Bandia

Nimekubali kuhusu mgawanyo, nitaurudia. Bado naamini mtandao utashinda ukipewa vifaa vya aina nyingi.

---

Wimbi_la_R

Kwa vifaa vya aina nyingi, hata mimi naamini.

---

Mdadisi

Na saa za mkononi? Ndugu yangu saa imemwambia mapigo yake hayana mpangilio. Ana hofu, halali.

---

NesiZamuYaUsiku

Kwanza atulie, kisha aende apimwe ECG. Akiwa na maumivu ya kifua, kuzimia, kushindwa kupumua, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, asisubiri miadi, aende sasa hivi. Tunachoogopa ni ule mdundo wa vyumba vya juu unaotetema bila mpangilio, maana damu inaganda humo na donge likipanda kichwani ni kiharusi. Mdundo huo una dawa, na kuugundua mapema kunaokoa.

---

Wimbi_la_R

Saa nyingi zinatumia mwanga wa kijani kusoma mdundo wa damu, halafu zinaangalia kama nafasi kati ya mapigo zimevurugika. Mwanga hauioni P. Kuthibitisha kunahitaji ECG, angalau sekunde 30 za mchoro ambao hauna P na nafasi zake hazina mpangilio. Kwenye utafiti mkubwa wa saa za Apple uliochapishwa 2019, watu 419,297 walishiriki, na asilimia 0.52 tu walipata onyo. Waliovaa kiraka cha ECG baadaye na kukirudisha, asilimia 34 ndio walioonekana na ugonjwa huo. Wengine si lazima kwamba saa ilikosea, kwa kuwa mdundo huu huja na kuondoka, na kiraka kilivaliwa siku kadhaa baada ya onyo. Mwambie akiamka na moyo ukienda mbio usiku amueleze daktari na habari ya kukoroma, kama ipo. Magonjwa hayo mawili hutembea pamoja mara nyingi.

---

FundiKodi

Mkuu, nimebadilisha, sasa inasoma 70 sawasawa. Swali la mwisho: nitajuaje kichujio changu hakiharibu ST kabla sijampa mtu yeyote atumie?

---

Wimbi_la_R

Tengeneza pigo bandia kwenye kompyuta: R ya milivolti 1, ST ikiwa sifuri kamili. Lipitishe kwenye kichujio chako, pima milisekunde 60 na 80 baada ya mwisho wa QRS. Ikitoka tofauti na sifuri, hiyo ni ya kichujio. Rudia kwa ST iliyoshuka milivolti 0.1, yaani mm 1 kwenye karatasi, uone kama inatoka 0.1. Kisha rudia yote kwa mapigo 40, 70 na 150 kwa dakika, kwa sababu upitilizaji wa pigo moja unaingia kwenye pigo linalofuata mwendo ukiongezeka. Weka michoro yako hapa ukimaliza, tuitazame pamoja.